Kitufe cha Kuzungumzia

Wiki mbili baada ya kupata leseni ya redio ya mawasiliano, nilikuwa bingwa, kwa maoni yangu mwenyewe. Jioni moja, nyumbani Ganjoni, niliwasalimu hewani wanachama wote wa klabu yetu, kwa redio yangu ya mkononi na kwa madoido, kisha nikajitupa kwenye kochi kungoja sifa. Kimya. Nikajua nimewaduwaza.

"Mzee Taibali amenifundisha miezi sita," nikamwambia mke wangu, "lakini kusema kweli nimeshampita. Siku hizi abahatisha tu."

"Na hiyo redio umeiweka wapi?" akauliza.

Nikainuka. Nilikuwa nimeikalia, na kitufe cha kuzungumzia kilikuwa kimebanwa muda wote, kikirusha kila neno. Kilipoachia tu, sauti ya mwalimu wangu ikatoka, tulivu kabisa:

"Twakusikia vyema, mwanangu, sisi sote. Hebu malizia."