Siku Tatu kati ya Samaki na Maziwa

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kule Baraka, mji wetu kando ya ziwa, kiangazi hakikuanza kwa sababu mvua imekatika. Kilianza asubuhi ambayo bibi yangu, tuliyemwita Koko, alitangaza kwamba kimeanza. Tangu siku hiyo pilipili iliondolewa jikoni, karanga za kukaanga zikapigwa marufuku, na sisi watoto tukaamshwa kabla jua halijachomoza ili tuoge ziwani, maji yakiwa bado baridi. Tulikula maboga na matango, vitu ambavyo alisema vina maji yake ndani. Saa sita hakuna aliyeruhusiwa kutembea juani wala kugombana. Kwa Koko, hasira ya saa sita ilikuwa sawa na pilipili: iliuchemsha mwili, na mwili uliokwisha kuchemka hupokea kila ugonjwa unaopita.

Masharti yake yalikuwa mengi, lakini moja tu lilikuwa na hesabu ndani yake, na labda ndiyo maana nililishika kuliko mengine. Aliyekula samaki katika kiangazi asiguse maziwa mpaka jua lizame mara tatu. Vikikutana tumboni wakati wa joto, samaki na maziwa hupigana. Mtoto mdogo hufa. Mkubwa akisalimika, hubaki na mabaka meupe. Ushahidi aliuonyesha sokoni: mzee mmoja muuza nyavu, mwenye mikono ya rangi mbili.

"Mumuulize alikunywa nini," alituambia.

Hatukuthubutu.

Sharti hilo halikutusumbua hata kidogo. Sisi tulikuwa watu wa ziwa. Samaki tulikula kila siku, na maziwa yalishuka sokoni kwa nadra, yakiletwa na wafugaji wa milimani.

Kisha vita vikaja. Nasema vile vya waasi, miaka michache baada ya uhuru, maana kwetu mtu akisema "vita" bila kueleza ni vita gani, hajasema kitu. Njia ilifungwa wazazi wangu wakiwa Kazimia, mbali kidogo kando ya ziwa, kwa biashara ya samaki. Koko akatuchukua, mimi na dada yangu Riziki, aliyekuwa na miaka minne, tukapanda kuelekea milima iliyo nyuma ya Fizi. Hata katika kukimbia alishika masharti yake: tulitembea alfajiri, saa sita tukajilaza kivulini, tukala viazi vitamu vilivyopoa.

"Ndagala ya chumvi hapana mu njia," alionya. "Itawaomba maji yenye hatuna."

Mimi nilikuwa na ndagala mfukoni, wale samaki wadogo waliokaushwa, konzi moja hivi. Siku ya pili, saa sita, Koko akiwa ameteremka kutafuta maji, Riziki alilia njaa, nami nikampa zote. Nakumbuka fahari niliyoihisi nilipoona amenyamaza.

Asubuhi ya siku ya nne Riziki alilia bila machozi. Midomo ilikuwa imepasuka, viazi alivitema, na maji machache tuliyoyapata aliyatapika. Koko alimbeba mgongoni mpaka tulipoikuta familia ya wafugaji walioteremsha ng'ombe wao kutafuta majani mabichi bondeni. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mrefu, mwepesi wa maneno, aliyeitwa Mama Debora.

"Munatoka ku ziwa," alisema hata kabla hatujasalimiana vizuri. "Harufu imefika mbele yenu."

"Na ile ya siagi yenu imetupokea tangu mulima ya chini," Koko akamjibu.

Walicheka wote wawili, kicheko kifupi cha watu waliochoka. Kisha Mama Debora akamtazama Riziki na kicheko kikakatika. Aliingia ndani, akarudi na maziwa katika chombo cha mti. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu aliyekuwa akikamuliwa, na watoto wake wawili walikifuata chombo kile kwa macho. Alichuchumaa mbele ya dada yangu, lakini hakumpa.

"Mama, uniambie kwanza. Huyu mutoto alikula samaki siku gani? Maziwa yangu ikikuta samaki, ng'ombe atakauka."

Niliuona uso wa Koko ukitulia. Alikuwa amemkuta mtu wa sharti lake. Yeye alimhofia mtoto, mwenzake alimhofia ng'ombe, lakini idadi ilikuwa moja: siku tatu.

"Leo ni siku ya ine tangu tutoke Baraka," Koko alisema. "Samaki haijapita mu kinywa yake."

Mama Debora akaanza kukiinamisha chombo. Nilikuwa na muda mfupi sana wa kufikiri. Nikinyamaza, dada yangu angekufa kwa maziwa. Nikisema, angeweza kufa kwa kuyakosa. Hesabu yenyewe haikunipa jibu. Hofu ndiyo iliyonisemesha.

"Koko, alikula juzi. Nilimupa ndagala."

Mkono wa Koko ukafunika chombo. Hakunipiga, wala hakunitazama.

"Basi tutangoja," alisema. "Jua izame leo. Atakunywa kesho."

"Kesho atakuwa na nguvu ya kukunywa?" Mama Debora aliuliza.

Koko aliuacha mkono wake juu ya chombo. Haukuwa ukaidi. Aliamini kabisa kwamba maziwa yale yangemuua mjukuu wake.

Mama Debora akanigeukia. "We, mwenye ndagala, sogea. Juzi ni siku, ao si siku?"

"Ni siku."

Akakunja kidole. "Na jana?"

"Ni siku."

"Na leo?"

Nilimtazama Koko.

"Leo haijaisha," Koko akasema. "Jua iko pale, unaiona."

"Kwetu ndama akizaliwa jioni, tunamuhesabia ile siku. Siku ikisha kuanza, ni siku." Akakunja kidole cha tatu.

"Na ng'ombe yako?"

"Ng'ombe ni yangu, mama. Na vidole ni vyangu."

Koko, ambaye hakuwahi kumpunguzia mtu hata saa moja, aliuondoa mkono wake. "Kama ku wenye maziwa ni tatu," alisema polepole, "basi ni tatu. Umupe kidogo kidogo, asitapike."

Nilikaa mchana kutwa nikiikagua ngozi ya Riziki. Jioni aliomba maziwa mengine.

Tulikaa huko wiki mbili. Katika wiki ya pili maziwa yalipungua, kisha yakakoma, na watoto wa Mama Debora wakaanza kunywa uji mtupu. Nilisubiri atutazame kwa jicho la lawama. Alisema tu, "Majani imeisha," akaendelea na kazi. Leo najua kwamba huo ulikuwa ukweli wa kiangazi chochote. Lakini kwa imani yake mwenyewe alikuwa na haki ya kutushtaki, na hakuitumia.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo kikuu, mwenzangu mmoja Mhindi alinisimulia tiba ya kale ya kwao iitwayo Ayurveda: jinsi ya kuupoza mwili wakati wa joto, vyakula vya kuepuka, na kwamba samaki na maziwa havipaswi kuliwa pamoja. Alitarajia nishangae. Nilimuuliza ni kwa siku ngapi. Hakujua.

Kuhusu ndagala, Koko alikuwa sahihi bila shaka yoyote. Chumvi ile, katika jua lile, bila maji, nusura imuue mtoto, na aliyempa ni mimi. Kuhusu maziwa, elimu niliyosoma haimuungi mkono, ila sijapata kumcheka.

Tangu wakati ule vita vimerudi kwetu mara nyingi, na watu wa ziwa na watu wa ng'ombe wamehesabiana mengi: maiti, nyumba, mifugo. Kila upande una idadi zake, nami ninayeheshimu idadi sijaweza kuzipatanisha. Ninayo hakika ya hesabu moja tu. Siku ile, tangu Riziki ale ndagala, jua lilikuwa limezama mara mbili. Siku ya tatu tulipewa na Mama Debora, na dada yangu sasa ana wajukuu.