Kurasa Kumi na Moja za Aama

Mafuta ya taa yakichanganyika na wino hutoa harufu inayokaa kooni, na mimi mpaka leo nikiisikia hukasirika kabla sijajua kwa nini. Ndiyo harufu ya chumba cha uchapaji cha kanisa pale Karatu, chumba cha bati na sakafu ya saruji iliyogandisha nyayo mwezi wa sita, ukungu ukiingia mlangoni bila hodi. Baba alikuwa mpangaji wa herufi humo. Likizo moja, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa na miaka kumi na miwili, alinichukua anifundishe kazi. Majirani walimcheka, mtoto wa kike na mashine wapi na wapi. Aliwajibu kwamba herufi haziulizi anayezishika ni nani.

Alinifundisha kwa ukali. Herufi zilikuwa vipande vya madini ya risasi vilivyochongwa kinyume, kila moja na kijumba chake ndani ya kasha la mbao. Unaziokota moja moja, unazipanga kichwa chini kwenye kibao cha chuma ulichoshika mkono wa kushoto, na ukikosea unazabwa kofi. Kasha letu lilitoka Ulaya limejaa e, wakati Kiswahili kinakula a kama mbuzi aliyeingia shambani. Ukurasa uliopangwa hufungwa kwa uzi, huchapwa, kisha hubomolewa ili herufi zake zipange ukurasa mwingine. Mkono wangu ukawa mwepesi haraka, nami nikajivuna kupita kiasi.

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa maneno ya bibi yangu wa kijiji cha Qurus, mama yake baba, ambaye kwa Kiiraqw tulimwita Aama. Baba alikuwa ameyaandika kwenye daftari: safari yao ya kuhama kutoka Mbulu, na miezi ambayo Aama alikaa ndani bila kukaribia majirani wala kisima cha wote, kama desturi ilivyomtaka mama aliyefiwa na mtoto. Alifiwa mara mbili. Alisimulia mara moja tu na kusema harudii, ila achapiwe kitabu akishike. Meneja aliruhusu, mradi karatasi zipatikane, na miaka ile karatasi ilikuwa adimu kama sabuni. Nikapanga kurasa kumi na moja, zikakaa mezani zikisubiri. Hapo ndipo tulipofanya ujinga wa watu wa uhaba. Hatukuwa na matambara, basi kila karatasi ya daftari niliyomaliza kuipanga tuliifutia wino wa mashine na kuitia motoni. Baba alisema risasi haiozi.

Kisha hoteli moja ya ukingoni mwa kreta ikaagiza orodha ya vyakula vya watalii, ikaleta na karatasi zake. Meneja akaja, akaitazama meza yetu.

"Mzee Tarmo, bomoa hizo. Herufi zote zimelala humo."

"Nipe wiki moja, bwana meneja. Maneno haya hayapo mahali pengine."

"Wiki moja hoteli itakwenda Arusha. Ya bibi kizee yatasubiri."

Mwenye nguvu mpishe. Baba aliinamisha kichwa, akaniashiria nianze. Nilibomoa mwenyewe, kwa mikono hii, na kwa kuwa kazi niliijua, nilimaliza kabla ya jioni. Usiniulize yaliyokuwa yameandikwa. Mpangaji hasomi, huokota, na maisha ya bibi yangu yalipita vidoleni mwangu bila mimi kuyasikia.

Siku ya mnada, lile gulio la Karatu, Aama akaja kwa miguu kutoka Qurus, akasimama mlangoni na kuuliza kitabu chake kiko wapi.

"Karatasi hamna, mama," baba akamwambia. "Tuvumilie kidogo."

Nyuma ya baba lilikuwepo bunda la karatasi nyeupe za hoteli. Mimi nikaendelea kuokota herufi. Alikuja tena minada miwili, akajibiwa yale yale, akashukuru na kurudi kwake. Kabla ya mvua za vuli tulimzika.

Wanasema hasira hasara. Kwangu hasara ilitangulia, hasira ikafuata, na sitaki kupoa. Ninamkasirikia meneja, ninamkasirikia baba kwa uongo wake wa upole, na zaidi ya wote yule msichana hodari aliyemaliza kabla ya jioni. Leo Karatu kila kona ina duka la steshenari, na vijana huchapa kadi za harusi na vipeperushi vya safari chai ikiwa bado ya moto. Mwezi uliopita niliingia katika duka mojawapo, nikanunua rimu nzima. Kijana wa kaunta akaniuliza kwa adabu, "Mama, unachapa nini, nikusaidie?"

"Karatasi sasa zipo, mwanangu," nikamwambia. "Cha kuchapa ndicho sina."