Usiniambie Tena Nitakumbuka

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo haijanitoka, mimi ninayesahau kila kitu. Ilikuwa Novemba ya mwaka wa 2007, kule kwetu Dundori, baridi ya kuuma masikio, nami nimesimama kando ya barabara nikitazama mtungi wa maziwa uliorudishwa kutoka mjini. Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Najua kwako huo ni uzee. Fika umri wangu kwanza, halafu uje tuzungumze.

Maziwa yetu yalikuwa hivi. Kila nyumba kwenye mteremko wetu ilikuwa na ng'ombe mmoja au wawili, na hakuna aliyeweza kujaza mtungi peke yake. Kwa hiyo tulichanganya. Kazi ya kupita nyumba kwa nyumba, kukusanya na kumkabidhi mtu wa pikapu kabla jua halijapanda ilikuwa yangu. Walinipa mimi kwa sababu nilikuwa na mbio. Mama Njeri, walisema, akianza kutembea huwezi kumshika. Na ni kweli, nilipenda kazi ile kuliko kazi zote duniani, maana haikunitaka nikae.

Maziwa yalikuwa yakienda Nakuru mjini kwa mama mmoja wa Kihindi tuliyemwita Mama Hansa. Yeye na wanawe walikuwa na duka la yogati na vyakula vitamu, na sikukuu yao ya Diwali ilikuwa imekaribia, hivyo alihitaji kila tone. Sisi nasi tulimhitaji, kwa sababu hatukuwa na mnunuzi mwingine wa kutegemewa.

Sasa ng'ombe wangu Zawadi alikuwa ameugua kiwele. Daktari wa mifugo alikuja, akamdunga sindano, akanionya kwamba maziwa yake yamwagwe mpaka yeye mwenyewe atakaposema yako safi. Nikamwambia nimesikia. Na nilikuwa nimesikia kweli! Hilo ndilo watu wasiojua hali yangu hii ya kusahau hawaelewi. Unasikia, unakubali kwa moyo wote, halafu jambo linateleza kichwani.

Nilimkamua Zawadi kwenye ndoo ya bluu, peke yake, kama nilivyoagizwa. Kabla sijaimwaga nikasikia mbuzi wa jirani kwenye kabeji zetu. Nikaiweka ndoo chini, nikakimbia. Nilipowafukuza nikaona lango limelegea bawaba. Nikaenda kutafuta nyundo. Njiani kuelekea kwenye nyundo nikakuta nguo za watoto zimeanguka kutoka kwenye kamba, nikaanza kuzianika upya, na hapo pikapu ikapiga honi. Nikarudi mbio zizini, nikaona ndoo ina maziwa, nikayatia kwenye mtungi. Kichwa changu kilikuwa bado kwenye bawaba.

Kesho yake mtungi ukarudi umejaa, na Mama Hansa akaja nao yeye mwenyewe, ameketi mbele ya pikapu na shali yake begani.

"Mama Njeri," akaniambia, "hii maziwa imekataa kushika. Nimeweka yogati jioni, asubuhi bado ni maji. Kuna ng'ombe imedungwa sindano, hiyo dawa inazuia yogati."

"Si wangu," nikasema. "Wangu nilimtenga."

Nikaapa, mwanangu, mbele ya majirani wote, kwa sababu nilikumbuka vizuri sana nikimkamua kwenye ndoo ya bluu. Hiyo nusu ya kwanza ilikuwa wazi kabisa kichwani. Nusu ya pili haikuwepo. Mama Hansa hakubishana nami. Alisema tu kwamba wiki hiyo atachukua maziwa kwingine, na baada ya sikukuu ataona. Akapanda pikapu.

Majirani wakaanza kutazamana. Wewe umedunga? Mimi sijadunga. Na mimi nikiwa hapo katikati nikitazama watu kwa hasira, kama hakimu. Mpaka mama wa mume wangu, ambaye sote nyumbani tulimwita Shosho, yaani bibi, kwa sababu ya watoto, akanivuta pembeni na kuniuliza swali dogo: "Ile ndoo ya bluu, uliimwaga wapi?"

Nikageuka nikautazama mtungi. Ni humo nilimoimwaga.

Aibu niliyoiona siku ile sitaki uione. Nilienda jikoni nikakaa kwenye kigoda, Shosho akanifuata, akachukua kisu na sufuria ya viazi akaanza kumenya. Alikuwa mtu wa maneno machache na viazi vingi. Nikamwambia anisamehe. Nikamwambia siku nyingine nitakumbuka.

Kisu kikasimama.

"Hilo neno komesha," akasema. "Usiniambie tena nitakumbuka. Tangu uolewe hapa umeniambia nitakumbuka mpaka limeisha chumvi. Sufuria zimeungua, nitakumbuka. Mtoto amebaki shule, nitakumbuka. Wewe hukumbuki, mama. Nimekutazama miaka yote hii. Hupuuzi, huna roho mbaya, na uvivu hata sijui kama unauelewa. Lakini kukumbuka, hapana. Basi tuanze kufanya kazi ya mtu asiyekumbuka."

Nilikuwa nimezoea kutukanwa kwa ajili ya kichwa changu. Mwalimu alinitukana, mama yangu alinitukana, mume wangu, ambaye alikuwa dereva wa lori la viazi la kutoka Molo, alikuwa akisema mimi nina breki mbovu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna namna ya kufanya kazi ya mtu asiyekumbuka. Nilidhani mtu wa namna hiyo hana kazi.

Shosho akachana kitambaa chake chekundu cha kichwa, akatoka nacho, akamfunga Zawadi kwenye mguu wa nyuma, juu kidogo ya goti, pale ambapo mkono wa mkamuaji hupita ukienda kwenye kiwele. "Mkono wako utagusa hiki kwanza," akasema. "Kichwa kikiwa Nairobi, mkono bado utakuwa hapa." Kisha akachukua ndoo ya bluu, akaigeuza, akatafuta msumari na ile nyundo niliyoitafuta siku iliyopita, akaitoboa matundu matatu chini.

Nikapiga kelele. "Shosho, ndoo nzima!"

"Sasa kamulia humo uyafikishe kwenye mtungi, nione."

Nilicheka huku nikilia. Ndoo yenye matundu haiwezi kukusaliti, mwanangu. Unakamua, maziwa yanakwenda chini, basi. Hakuna pa kusahau.

Kisha akanivalisha koti, tukatoka. Kwetu ukimkosea jirani hutumi salamu, unakwenda kwa miguu yako mpaka mlangoni kwake. Tukapita nyumba zote. Shosho hakuniruhusu kueleza habari za mbuzi wala bawaba. Nilitakiwa kusema ni mimi, ni maziwa yangu, niliapa na sikuwa nasema kweli ingawa sikujua. Wengi waliguna tu wakatukaribisha chai. Mama Kimani, ambaye alikuwa na ng'ombe wawili wazuri na ulimi mkali, alisimama mlangoni na hakututaka ndani.

"Na akisahau tena?" akamuuliza Shosho, kana kwamba mimi sipo.

"Atasahau," Shosho akamjibu. "Ndiyo maana tumetoboa ndoo."

Mama Kimani hakucheka. Siku ya pili mtungi ukachukuliwa kwangu, yeye ndiye akawa mkusanyaji. Baada ya sikukuu Mama Hansa akakubali kutuchukua tena, lakini mimi nikawa napeleka maziwa yangu kwa Mama Kimani, nayaacha mlangoni, naye anayanusa mbele yangu kabla ya kuyapokea. Kila asubuhi. Sikumlaumu, lakini iliniuma, acha tu. Nilitaka ule mtungi kuliko nilivyotaka chakula. Si kwa ajili ya kuubeba. Nilitaka watu walionijua waniamini na kitu chao.

Mwezi huo huo Shosho alikuwa na siku yake ya kupimwa presha mjini, nami nikamsindikiza. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole. Alipomaliza kumpima kwa ule ukanda wa mkononi, Shosho akasema, "Mimi niko sawa. Sasa muangalie huyu."

"Ana nini, shosho?"

"Ana moyo mzuri na kichwa kisichotulia. Nataka kujua kama ni ugonjwa ama ni vile alivyo."

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini yule binti akavuta kiti, akaanza kuniuliza. Shuleni ulikuwaje? Unaanza vitu vingi bila kumaliza? Mtu akikueleza jambo refu unabaki naye mpaka mwisho? Unapoteza vitu? Kitu ukikipenda, unaweza kukifanya kutwa nzima bila kula? Kila swali lilikuwa kama ameishi nyumbani kwangu. Akanituma kwa daktari wa mambo ya akili, na huko, baada ya kurudi mara kadhaa, nikaambiwa kwamba hali hii inajulikana, inaitwa upungufu wa umakini, kwamba nilizaliwa nayo, na kwamba watu wazima wengi wanayo bila kujua. Nikauliza kama ni wazimu. Akasema hapana. Nikauliza kama itaisha. Akasema pengine haitaisha, lakini naweza kuishi nayo vizuri, na akanieleza habari za dawa na mazoea ya kila siku. Nilipomweleza habari za kitambaa na ndoo, akaweka kalamu chini na kuuliza ni nani aliyenifundisha.

Nililia barabarani mpaka Shosho akaninunulia njugu kama mtoto. Miaka thelathini na minane nikijiita mjinga, mwanangu. Ni mingi.

Kisha ikaja ile Januari ya ghasia za uchaguzi, ambayo sisi watu wa Nakuru hatupendi kuizungumza. Barabara zikafungwa. Pikapu haikuja. Familia zilizokimbia makwao, nyingi kutoka upande wa Molo, zikafika na kulala kwenye uwanja wa kanisa chini ya mteremko wetu, na watoto wadogo kwenye nyasi zenye umande. Siku hizo wengi walikaa ndani wakitetemeka. Mimi, nashangaa hata leo, nilitulia. Kichwa changu ambacho hakiwezi kungoja sufuria ichemke kikawa kimya na wazi. Nilijua nani hana blanketi na nani ana kuni za ziada. Daktari aliniambia baadaye kwamba baadhi yetu tuko hivyo, dunia ikienda mbio ndipo tunaipata.

Asubuhi moja nilikuwa nakamua nikasikia mtu akikohoa mlangoni pa zizi. Alikuwa Mama Kimani, na mtungi mkononi.

"Watoto wa pale kanisani wanalia njaa," akasema. "Majirani wote wamekubali kutoa maziwa. Lakini yakusanywe, yachemshwe, yafike mapema. Mimi miguu haiwezi hiyo mbio. Wewe unaweza."

Nikaacha kukamua. Haya yalikuwa maziwa ya watoto waliolala nje, wengine wameanza kuhara. "Mama Kimani, na nikisahau?"

"Utasahau," akasema. Akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu Novemba. "Ng'ombe wangu mmoja amedungwa sindano juzi. Nimemfunga kitambaa mguuni. Na ndoo yake nimeitoboa."

Akaweka mtungi miguuni pangu, akaondoka.

Nilikimbia mteremko ule kila asubuhi mpaka barabara zilipofunguliwa. Nilisahau mambo mengi siku hizo, hata kula, hata viatu siku moja. Lakini maziwa yalifika, yamechemshwa, safi, na sikusikia mtoto hata mmoja aliyedhurika kwayo. Pikapu ilipoanza kuja tena, hakuna aliyeniomba niurudishe mtungi.

Basi nikuambie ninachotaka uchukue, kabla nami sijaanza kuzungumzia kitu kingine, maana naona kuku wamekaribia mahindi.

Ukijiona ndani ya habari hii, nenda kwa daktari. Usingoje miaka thelathini na minane. Ukipewa dawa, zitumie kama ulivyoelekezwa, na usimwonee mtu haya. Acha kuahidi kwamba utakumbuka. Ahadi hiyo imewachosha wanaokupenda na imekuchosha wewe zaidi. Badala yake, kila jambo linalokuponyoka liwekee alama mahali ambapo mkono wako utaligonga, na lile la hatari kabisa lifanye lisiwezekane. Kazi inayokuchosha ifanye mtu akiwa karibu, hata akimenya viazi tu. Ukikosea, nenda mlangoni kwa uliyemkosea na usibebe visingizio. Waambie unaoishi nao ukweli wa kichwa chako, wakujue mapema. Na usiapie nusu ya jambo kwa sababu nusu hiyo unaiona wazi.

Na tafadhali, acha kujitukana. Sauti hiyo uliyoibeba tangu shule ilikuwa ya watu ambao hawakujua.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akutulizie usingizi, akuwekee chakula mezani na akukumbushe kukila. Akupe watu wanaojua kabisa jinsi ulivyo, na wakiisha kujua, wakukabidhi kile wanachokipenda.