Matanga ya Mtu Aliye Hai

Shangazi yangu alipigiwa simu akaambiwa amekufa. Alikuwa ameketi jikoni kwangu Muyeye, anachovya mahamri kwenye mbaazi, akaipokea kwa mkono usio na mchuzi. Mtu wa upande wa pili alikuwa analia na kuuliza kama hapo ni kwa jamaa za marehemu. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akajitaja jina. Simu ikakatika.

"Wanasema nimekufa," akaniambia, "na matanga yangu yako Gongoni." Akaendelea kula.

Lazima nieleze hapa yaliyotokea, maana muuaji nilikuwa mimi.

Kazi yangu ni kupiga picha. Si za harusi wala za kitambulisho, ingawa hizo pia nimepiga, na za harusi ndizo zilizoninunulia kamera. Napiga picha za kutundikwa ukutani zitazamwe. Mtaani kwangu watu walichukua muda kuielewa kazi hiyo. Jirani mmoja alipoona kuta zangu zimejaa nyuso, aliniuliza kwa huruma kabisa kama wenye picha walikataa kuja kuzichukua.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nadamka na kupanda bodaboda kwenda Gongoni, kuwapiga picha wanawake wanaofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Shangazi ni mmoja wao. Ni dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea, na chumvi ile ndiyo iliyonisomesha. Mtu ambaye hajasimama pale hajui kwamba chumvini mwanga hutoka chini. Jua linapiga, chumvi inalirudisha, na uso wa mtu unaangazwa kuanzia kidevuni, hata mikunjo ya shingo inang'aa. Nilimpiga picha shangazi akiwa mbele ya rundo la chumvi, beleshi mkononi, leso kichwani, macho ameyafinya, na mdomo umetaka kucheka ila haujaamua. Picha zote nilizifanya nyeusi na nyeupe, kwa sababu zile leso na rangi zake zilikuwa zinawaibia wenyewe nyuso zao. Najivunia picha ile, na sitajifanya sijivuni.

Ilialikwa Ujerumani pamoja na zile nyingine, nami nikaalikwa nayo. Ukumbi ulikuwa mweupe, mrefu, safi hata ukaona haya kukanyaga. Wenyeji walisimama mbele ya shangazi kimya, mikono nyuma, kama watu waliosahau walichofuata dukani. Mwanzoni nilikasirika, nikadhani hawakuipenda. Kisha bibi mmoja mzee akanishika mkono, akatokwa na machozi, na kesho yake gazeti la mji likaitoa picha yangu ukurasa wa mbele. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba, nikashangaa mlango wa ndege ulinitosha vipi.

Lakini mcheza kwao hutunzwa, na mimi kwetu nilikuwa sijacheza. Shangazi mwenyewe hakuwa ameiona picha ile hata mara moja. Kila nilipotaka kumwonyesha kwenye simu alikataa, akisema simu ni ndogo na macho yake yameshaliwa na chumvi. Angeiona ikiwa kubwa, akiiona ndipo angesema. Nami nikamwahidi kwamba asipoipenda nitaishusha, na haitatundikwa tena popote, hapa wala ng'ambo. Niliahidi kwa kiburi, kisha nikaanza kuogopa. Bila picha ile nisingebaki na maonyesho, ningebaki na kuta tu.

Basi nikakodi ukumbi pale pale Gongoni, wanawake wa chumvini wafike kwa miguu yao. Kuta zilikuwa na madoa ya mvua, nikazifunika kwa kitambaa cheusi kutoka juu hadi chini, na kweli chumvi ikawaka. Picha ya shangazi, kubwa kama mlango, nikaitundika nje barazani ili watu wajue pa kuingilia. Chini yake nikabandika karatasi kama nilivyoona wakifanya huko Ulaya, jina lake kamili na mwaka nilioipiga. Pembeni nikaweka maua meupe, kwa uzuri tu. Halafu nikarudi Muyeye, ambako shangazi alikuwa amekuja kushonewa gauni la siku ya ufunguzi.

Sasa niambie wewe. Picha kubwa ya mtu, haina rangi. Kitambaa cheusi. Maua. Jina na mwaka. Na nyumba ya mwenyewe imefungwa, hajaonekana tangu juzi. Hakuna mtoto wa pwani hii ambaye angehitaji kuuliza. Mimi niliyezaliwa papa hapa, niliyekula wali wa matanga kuliko wa harusi, sikuliona hilo. Macho yangu yalikuwa bado Ujerumani.

Baada ya simu ile tulikodi teksi. Njiani nilimwomba radhi, nikamwambia nitashuka mimi kwanza niiondoe picha kabla hajateremka garini, kwa maana si vizuri mtu kuyaona matanga yake. Shangazi alikuwa anatazama nje.

"Nyamaza," akasema. "Nataka kuona nani amenililia."

Walikuwa wengi. Wanawake walikaa kwenye mikeka uani, leso wamezifunga viunoni. Sufuria zilikuwa tayari kwenye mafiga, unga na maharagwe yameletwa, kuni zimepangwa. Akina mama wa kwaya walikuwa wanapatana sauti. Kando, wanaume walikuwa wanabishana kaburi lichimbwe upande gani wa nyumba ya shangazi. Shangazi akateremka na gauni lake jipya la rangi ya machungwa.

Mpishi mmoja alitupa mwiko akakimbia, na hakurudi hadi alipoitwa na mumewe. Mwanamke aliyekuwa anaomboleza alinyamaza katikati ya kilio, mdomo wazi. Mzee mmoja alisema Inna lillahi, kisha akaona haifai, akamwamkia tu. Jirani yake wa mlango wa pili ndiye aliyethubutu kumkaribia, akamfinya mkono, akawageukia wenzake na kuwaambia ni nyama, si mzimu.

Shangazi hakumjali mtu. Alipita katikati yao akaenda hadi barazani, akasimama mbele ya picha. Nilisimama nyuma yake, na hofu niliyokuwa nayo sijawahi kuwa nayo mbele ya mwandishi yeyote wa gazeti. Alitazama muda mrefu. Uani maharagwe yalikuwa yanachemka. Akanyoosha mkono, akagusa kidevu kwenye picha, pale mwanga unapoanzia.

"Nilikuwa sijui nimefanana na mama hivi," akasema.

Kisha akageuka, akaagiza kiti. Kiti kikaja, akaketi chini ya picha yake mwenyewe, akalinyoosha gauni magotini.

"Haya," akawaambia. "Mliokuja kunililia, nilieni. Nasikia."

Ndipo mwenzake wa chumvini, waliyepokezana naye beleshi tangu ujana wao, akaja mbele, akaanza kumsifu vile vile alivyokuwa amejiandaa kumsifu kaburini. Alisema jinsi shangazi alivyombebea mtoto mgongoni siku mama wa mtoto alipozidiwa na homa, na bado akamaliza kazi ya watu wawili. Wa pili akafuata, na wa tatu. Bwana mmoja ambaye yeye na shangazi walikuwa hawasemezani kwa sababu ya mbuzi aliyekula mihogo alisimama akasema mbuzi alikuwa wake, na mihogo ilikuwa mizuri. Shangazi alikuwa anaitikia kwa kichwa, na mahali ambapo msemaji alipunguza, alimkumbusha.

Vigelegele vilianza, sijui nani aliyetangulia. Kwaya ikabadilisha wimbo. Wanawake wengine wa chumvini wakaingia ukumbini kutafuta picha zao, wakaburuta viti, kila mmoja akaketi chini ya uso wake na kudai naye aliliwe. Watu walizigusa picha, walibishana nazo, walisema huyu pua si yake. Hakuna aliyeweka mikono nyuma. Maharagwe ya matanga yakaliwa kwa ugali na kicheko, na mimi nikasimama mlangoni nikilia kama mfiwa, kwa furaha tupu. Ugenini walinipigia makofi. Hapa walinipikia.

Lakini shangazi alikuwa bado hajasema, na ahadi ni deni. Nilimpelekea sahani yake, nikachutama, nikamuuliza kama niishushe.

"Uishushe ya nini? Ipeleke popote upendapo," akasema. "Ila siku nikifa kweli, usiniwekee hii. Hii wameshaililia. Utapiga nyingine."

Nimempiga nyingine nyingi tangu siku hiyo. Kila nikimletea huiweka mbali na macho, akaitazama vizuri, akatikisa kichwa na kusema bado, hiyo siyo. Kisha hujifunga leso yake, akachukua beleshi na kurudi chumvini.