Reli ya Dunda na Chumba cha Mkwe

Bagamoyo haina reli. Watu wamepima, wamechora, wamefuta, na mji umebaki bila hata taruma moja. Mimi niliamua kulimaliza jambo hilo mwenyewe, nyumbani kwangu Mapinga, kwenye chumba cha wageni.

Nilianza na kichwa cha treni nilichokiokota kwenye rundo la midoli ya mtumba. Rangi ilikuwa imebanduka na kioo hakipo, lakini mota nzima. Nimesoma shule ya jioni, na katika yote niliyofundishwa huku nasinzia, lililonikaa sawasawa ni umeme: waya huu na waya ule, taa inawaka. Nilipokigusisha kile kichwa kwenye nyaya za adapta ya redio, magurudumu yakazunguka, nami nikapiga ukelele mpaka jirani akaja na uso wa kutoa pole. Tangu siku hiyo sikushikika. Kila nikienda Dar kufuata bidhaa za duka langu la vifaa vya ujenzi, narudi na misumari, makufuli na kipande cha reli.

Meza ya kuiwekea niliijenga humo humo chumbani, maana nilitaka iwe kubwa. Ikawa kubwa. Ilianzia kwenye mlango, ikaenda mpaka dirishani, ikapinda na kurudi. Mtu akisimama upande mmoja, wa upande wa pili ungemwona kama punje ya mtama. Siku nilipogonga msumari wa mwisho ndipo mke wangu akauliza kwa upole, "Na siku tukitaka kuitoa?"

Nikautazama mlango. Nikaitazama meza. Nikamwambia reli huwa haziondolewi.

Dar es Salaam niliiweka mlangoni, Dunda ya Bagamoyo mjini, ukingoni mwa bahari, dirishani, na katikati Mapinga na Kerege, kila kituo na kibao chake. Kabla ya Kerege niliweka mlima. Najua hakuna mlima pale, lakini treni isiyopita kwenye handaki ina tofauti gani na basi? Mlima niliufinyanga kwa karatasi za mifuko ya saruji zilizolowekwa kwenye uji wa muhogo, na vichaka vikawa makumbi ya nazi. Pembeni ya Dunda nikapaka ubao mpana rangi ya buluu. Hiyo ndiyo bahari, na niliipaka mara nyingi kuliko nilivyowahi kupaka nyumba yangu.

Kosa nililolifanya linaniaibisha mpaka leo. Mteja akija dukani akauliza kama mchanga wa baharini unafaa kujengea, namhubiria mpaka anasahau alichofuata: chumvi inakula nondo, nyumba itapasuka, utalia. Kisha mimi huyo huyo nikashuka pwani na ndoo, nikachota mchanga mweupe uliopendeza macho, nikautandaza chini ya reli kama kokoto. Haukupita muda, pale Kerege pakaanza kushika kutu. Treni ilikuwa ikifika hapo inatetemeka, inasimama, na mimi napiga msasa huku nikilaumu watengenezaji wa reli.

Basi mama mkwe wangu, anayeishi Dunda, akateleza alipokuwa akishuka kwenye bodaboda na kuvunjika mguu. Akafungwa hogo la plasta, zito na jeupe kutoka vidoleni mpaka gotini, na mke wangu akamleta kwetu amwuguze. Chumba kilikuwa hicho kimoja. Meza haitoki. Kitanda kikabanwa kati ya dirisha na stesheni ya Dunda, mkwe akalazwa, pazia likashushwa mlangoni, na mimi nikawa nimefungiwa nje ya reli yangu. Maana chumba anacholala mama mkwe, mwanamume mwenye adabu zake hakanyagi, hata kama humo ndani kuna mlima alioujenga kwa mikono yake.

Hilo ningelivumilia. Lililoninyima raha ni mke wangu kusema, huku akikuna nazi wala hanitazami, "Mama ataanza kutembelea magongo, na mle hakuna pa kupita. Jumamosi nimemwita fundi seremala aje aikate meza."

"Aikate vipi?"

"Vipande, baba watoto. Vinavyotoka mlangoni."

Ningepinga kwa hoja gani? Kwamba mama yake abanwe ili treni yangu ipate nafasi? Na kwa mkwe mwenyewe nisingeweza kwenda kuomba. Mtu haendi kujadiliana na mama mkwe mambo ya chumbani kwake. Nikabaki nazunguka uani kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Dukani nilimpa mtu kopo la gundi, yeye ametaka bawaba.

Alasiri moja nikasikia mlio nilioujua. Treni ilikuwa inakwenda. Swichi ya mwendo ipo upande wa dirisha, karibu na mto wa mkwe, na mtu aliyelala siku nzima akitazama stesheni lazima siku moja atataka kuona gari likija. Mlio ukapanda, ukapita handakini, ukakata. Nikasogea ukumbini. Mke wangu alikuwa mlangoni na sinia.

"Mwanangu, mwambie mumeo gari lake limekufa," sauti ya mkwe ikatoka ndani.

"Yuko hapa hapa, mama, anasikia."

"Mwambie tu."

Mke wangu akanigeukia. "Mama anasema gari lako limekufa."

"Muulize limekufia wapi."

"Limekufia wapi, mama?"

"Hapa penye kibao cha Kerege. Hata mananasi halijapakia."

"Mwambie alisukume kidogo."

Nikasikia tap, tap ya mpini wa kipepeo chake cha ukili, halafu mlio ukarudi. "Mwambie limefufuka," mkwe akasema. Niliona mke wangu akiuma midomo asicheke, lakini juu ya Jumamosi hakubadilisha neno.

Siku iliyofuata mke wangu alikwenda Dunda kuangalia nyumba ya mama yake, akachelewa. Mimi nilirudi kula chakula cha mchana. Nikiwa ukumbini nikamsikia mkwe anasema na dari, "Sijui dawa zangu mwanangu kaziweka wapi."

Zilikuwa mezani sebuleni, naziona. Nami nikaiambia dari ya upande wangu, "Nadhani ziko sebuleni."

"Basi. Zitamsubiri huko." Akasema kwa utaratibu, lakini pumzi ilikuwa ya mtu anayeumwa.

Kuingia siwezi. Kumwacha anaumwa pia siwezi. Jirani wa kike nilimwita, hakuwepo. Nilisimama pale na vidonge mkononi mpaka nikaona stesheni yangu ya Dar es Salaam. Ncha ya meza ilikuwa imeegemea mlangoni kabisa, na treni ilikuwa imesimama hapo hapo, na nyuma yake behewa la wazi la kubebea magogo. Nikageuza uso ukutani, nikapitisha mkono pembeni ya pazia, nikaweka vidonge kwenye behewa.

"Mama," nikasema, "kuna mzigo wako hapa Dar."

Nikasikia kitanda kikilalamika, mtu anajigeuza. Halafu swichi ikabofya. Treni ikaondoka. Nikaisikia ikipita Mapinga, ikaingia handakini, ikatoka, na pale Kerege, kama kawaida yake, ikakata. Tap. Tap tap. Ikanguruma, ikaenda.

"Umefika," mkwe akasema. Hakusema mwambie mumeo. Nikasikia maji yakimiminwa kwenye kikombe, nikaenda kula wali uliopoa, na hakuna wali uliowahi kuwa mtamu namna ile Mapinga nzima.

Baada ya hapo biashara ya reli ikashamiri. Mchana, mke wangu akitoka kwenda sokoni, nilipeleka dawa, na ubuyu, na siku moja karafuu za kutafuna. Behewa lilirudi na karatasi tupu, au pipi ya kifua ambayo sikuiomba. Mke wangu sikumwambia. Ningeanzaje, kwamba mimi na mama yake tunatumiana vifurushi kwa treni?

Jumamosi ikafika na fundi akafika nayo, msumeno begani. "Bosi, tunakata wapi?"

"Muulize mwenye nyumba," nikamwonyesha mke wangu. Mkwe akajifunika kanga, na fundi, kwa kuwa hakuwa mkwe wa mtu pale, akaingia. Mimi nikabaki nje ya pazia, nimeshika fremu ya mlango kama abiria.

"Wewe kijana," nikamsikia mkwe, "unataka kukata nini?"

"Meza hii, bibi."

"Umetumwa na nani?"

"Binti yako."

"Binti yangu hakai huku Dunda. Ukiikata hii, dawa zangu zitapita wapi?"

"Mama, dawa si nakupa mimi?" mke wangu akasema.

"Wewe unanipa za asubuhi na za jioni. Za mchana zinatoka Dar es Salaam."

Pazia likafunguka kidogo. Uso wa mke wangu ukatokea, ukanitazama kutoka utosini mpaka kwenye malapa, ukarudi ndani. Sikuwahi kutazamwa hivyo hata siku ya posa.

"Haya, mama. Lakini magongo yatapita wapi? Utaanguka tena."

Hapo moyo wangu uliokuwa umeanza kupanda ukashuka tena. Fundi akagonga ubao kwa vidole, akisubiri watu wenye mambo yao wamalize.

"Hiki cha buluu hapa miguuni kwangu ni nini?" mkwe akauliza. "Mwambie mumeo aseme."

"Mwambie ni bahari," nikajibu mwenyewe, kwa sauti.

"Bahari," akasema. "Mtu wa Dunda nitafanya nini na bahari ya mbao? Kijana, kata bahari. Reli usiiguse."

Msumeno ukaanza. Niliyeipaka bahari ile tabaka kwa tabaka niliketi sakafuni ukumbini, nikaisikiliza ikikatwa, na machozi yaliyonilengalenga yalikuwa ya furaha tupu. Fundi alipopita na kipande cha buluu kwapani, akaniuliza kama nakihitaji. Nikamwambia achukue, afanyie mbuzi ya kukunia nazi.

Mkwe alitembea kwa magongo pale ilipokuwa bahari mpaka mguu ukapona, akarudi kwake Dunda. Niliposogeza pazia na kuingia mara ya kwanza, nilikuta mchanga wangu wote umezolewa. Mke wangu akasema mama yake alichoka kulala nao kwenye shuka. Badala yake chini ya reli kulikuwa na maranda ya ule ule ubao wa bahari. Nikazipiga reli msasa, na tangu hapo kutu haikurudi.

Nikawasha. Treni ikatoka Dar, ikapita Mapinga, ikatoka handakini, na pale Kerege, bila mimi kutaka, kidole changu kikanyooka kuisukuma. Ikanipita moja kwa moja.

"Mama amepiga simu," mke wangu akasema kutoka mlangoni. "Anakuja Sikukuu ya Iddi. Anauliza kama chumba chake bado kipo."

"Mwambie kipo," nikasema. "Na mwambie safari hii gari halikwami."

"Mwambie mwenyewe," akanipa simu.