Blanketi la Bibi Dorika

Mkitaka kunicheka chekeni, ila mnicheke mkijua kwamba mimi, Mama Eliza wa Nkuhungu, afisa afya wa kata, mtu ninayeingia kwenye maduka ya watu na kitambulisho shingoni na kuwauliza kwa sauti ya ukali dirisha liko wapi, ndiye niliyekaribia kumuua bibi wa watu mbele ya ukoo wake mzima, na nilichotumia ni blanketi. Mpaka leo nikisikia vigelegele mwili unasisimka.

Ilikuwa hivi. Yohana, mtoto wa kaka yangu, alikuwa anapeleka mahari Haneti kwa kina Neema, mchumba wake. Mambo ya ng'ombe na mbuzi wanamalizana wanaume, lakini blanketi la bibi ni kazi ya shangazi, na shangazi wa Yohana ni mimi peke yangu. Shangazi analinunua, analibeba, na mbele ya wanawake wote ndiye anayelikunjua na kumfunika bibi wa bi harusi kuanzia utosini, na bibi anakaa humo gizani watu wakiimba mpaka ndugu zake mwenyewe waridhike na kumfunua. Ukishamfunika, upande wa mwanaume haugusi tena lile blanketi. Mkilivuta mmesema mmeghairi, binti yao hamumtaki, na hakuna cha kueleza baada ya hapo. Hilo nalijua tangu nina meno ya utoto.

Basi nikanunua blanketi zito la manyoya, rangi ya maziwa na maua mekundu (mtu mwenye akili angechukua la kahawia, lakini mimi nilitaka wa Haneti wajue tumetoka mjini). Siku moja kabla ya safari nikalitandika kwenye kochi nilipige picha, nitume kwenye grupu la ukoo, na kwa kuwa njaa haina adabu nikakaa pembeni yake na sahani yangu ya ugali na bakuli la mlenda. Simu ikaita, nikainuka kuifuata, kiwiko kikagonga bakuli. Wanaoujua mlenda wameshanielewa: mlenda ukimwagika unatambaa, na ukiufuta ndio unauonyesha njia. Nikabaki nimeshika kitambaa mkononi natazama ua jekundu limegeuka kijani.

Kulifua kwa maji haikuwezekana, maana blanketi lile na baridi ya mwezi wa saba lingekauka keshokutwa. Ndipo nikakumbuka duka moja mjini lenye mashine za drai klini za kujihudumia, zile unazotia nguo mwenyewe, unalipa kwa simu, unabonyeza, zinafua kwa dawa bila maji na nguo inatoka kavu.

Sasa sikilizeni aibu inavyoanza. Duka lile nilikuwa nalijua nje ndani kwa sababu nilikuwemo kwenye timu iliyolikagua kabla halijapewa leseni. Tulimkatalia mwenye duka mpaka alipotoboa dirisha upande wa nyuma, akafunga feni ya kutoa hewa nje, akaajiri mhudumu aliyefundishwa ambaye lazima awepo muda wote mashine zikiwa wazi, na akabandika tangazo ukutani: blanketi, mto na godoro ni marufuku. Mimi ndiye niliyelishikilia lile tangazo yeye akigonga misumari. Tena nilimweleza kwa nini, nikiwa nimenyoosha kidole kama mwalimu, kwamba kitu kinene kinakunywa ile dawa na kuibana ndani hata kikionekana kikavu, halafu inatoka polepole kwa mvuke, na mtu akiuvuta mahali palipofungwa analewa, anapoteza fahamu, na anaweza asiamke.

Nikafika dukani, mhudumu hayupo. Kiti kipo, sweta lake lipo juu ya kiti, feni imezimwa, yeye kaenda kula. Siku nyingine ningelifunga lile duka mchana kweupe na mwenye nalo angenijua mimi ni nani. Siku hiyo nilishukuru Mungu. Nikalitazama tangazo langu pale ukutani, nikajiambia (haya maneno nayakumbuka vizuri, yananichoma) kwamba hii sheria wamewekewa wasiojua, mimi najua. Nikalisukuma blanketi ndani, mlango ukagoma, nikausindikiza na goti.

Lilitoka safi, mlenda hakuna, lina harufu tamutamu hivi. Nilipaswa kulianika uani lipigwe upepo mpaka ile harufu iishe kabisa, lakini mnaujua upepo wetu wa Dodoma na lile vumbi lake jekundu, na blanketi rangi ya maziwa. Nikalikunja likiwa bado na joto, nikalirudisha kwenye mfuko wake wa plastiki, nikavuta zipu mpaka mwisho. Nikalala usingizi wa mtu mwema.

Kesho yake Bibi Dorika, bibi yake Neema, alitupokea amekaa kwenye mkeka, mwanamke mdogo wa mwili, sauti kavu, macho yanayokuona mpaka mfukoni. Nikapiga goti. "Shikamoo bibi." Akasema, "Marahaba. Wewe ndiye shangazi? Mbona umenona hivyo, mjini mnakula nini?" Wanawake wakacheka, nami nikacheka, nikajua huyu tutapatana. Chumba kilijaa mpaka mlangoni, na kwa sababu ya baridi na vumbi madirisha yote mawili yalikuwa yamefungwa na pazia limeteremshwa. Dirisha liko wapi? Siku hiyo sikuuliza.

Nikafungua zipu. Ile harufu ikanipiga usoni, na dada mmoja nyuma yangu akasema, "Linanukia kama la hotelini," nami kwa kiburi nikatabasamu. Nikalikunjua, nikamfunika Bibi Dorika utosini mpaka miguuni, vigelegele vikapasua bati, wakaanza kuimba. Ndugu zake, kwa kuonyesha kwamba bibi yao si wa kupatikana kirahisi, hawakuwa na haraka ya kumfunua. Wimbo ukaisha, wakaanza mwingine.

Mara blanketi likaanza kuyumba. Watu wakashangilia, bibi anacheza. Halafu likacheka, kicheko chembamba kisichoisha, na sauti ya Bibi Dorika ikatoka humo ndani ikisema maneno yaliyogandana, kitu kama kuku, kama mvua. Wakazidi kushangilia. Halafu likanyamaza, likainama mbele taratibu, likalala ubavu.

Wote wakacheka wakidhani ni utani wake. Mimi kicheko kilikatika, kwa sababu katika chumba kile chote ni mtu mmoja tu aliyejua bibi yuko ndani ya nini. Nilisimama pale kama kigingi, na sitawadanganya, jambo la kwanza lililonijia kichwani halikuwa bibi, lilikuwa Yohana. Nikilivuta blanketi hili nimevunja ndoa ya mtoto wa kaka yangu kwa mkono wangu. Nikawatazama ndugu zake nikiomba mmoja amfunue. Walikuwa wanapiga makofi.

Nikalivuta.

Jamani. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Shangazi yake Neema, mama mmoja mrefu, akanitazama na lile blanketi mikononi, akasema polepole, "Mmeghairi." Wala haikuwa swali. Kutoka chumba cha pili, alikofichwa bi harusi, nikamsikia Neema ameanza kulia.

"Mtoeni nje," nikasema. "Fungueni madirisha. Blanketi lina sumu."

Ningekuwa na akili zangu ningechagua neno lingine. Wameleta blanketi la sumu, hivyo ndivyo habari ilivyotoka mlangoni, na ilipofika kwa wanaume kwenye turubai mshenga wetu, mzee wa watu mwenye miguu mibovu, alikimbilia kwenye gari akaliacha koti. Mimi sikuona hayo, niliyasikia baadaye. Mimi nilikuwa nimembeba Bibi Dorika kifuani, mwepesi hivi, kichwa kinaning'inia, midomo imepauka, napiga watu vikumbo naelekea nje, na nyuma yangu mtu ananivuta gauni mpaka likachanika bega. Nikamlaza ubavu kwenye upepo, vumbi na yote, nikamlegeza kanga shingoni. Nikamwita bibi, bibi, bibi.

Akakohoa. Akatapika kwenye kitambulisho changu, maana hata siku ya mahari nilikuwa nimekivaa. Akafumbua macho.

Zahanatini mganga alimpima, akauliza amevuta nini. Watu walikuwa wamejaa mpaka dirishani, Yohana kasimama kando hana rangi, hakuna mtu aliyekuwa anamsogelea. Nikaeleza yote, mlenda, duka, mashine, mfuko. Mganga akasema angechelewa kidogo tu humo ndani tungekuwa tunaongea mengine. Ndipo Baba Neema akauliza kwa upole, "Hizo mashine huko mjini hazina mkaguzi?"

Ningeweza kunyamaza. Yohana aliinua macho akanitazama, na yeye kazi yangu anaijua.

"Mkaguzi ni mimi, baba," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Ningelipenda wacheke. Baba Neema alitikisa kichwa tu, akasema mahari inasimama mpaka Bibi Dorika, mama yake mzazi, asimame kwa miguu yake na aamue mwenyewe. Tukarudi Dodoma na ng'ombe wetu hawajapokelewa. Jumatatu nikaenda ofisini kumweleza bosi wangu, nikapewa onyo, na duka likafungwa mpaka mhudumu akajua kiti si cha sweta.

Bibi Dorika alikaa kimya siku nyingi, na kila siku ya kimya chake Yohana alizidi kukonda. Halafu akatuma neno kwamba mtu anayelivuta blanketi ili bibi apumue hajaghairi, ila alipe mbuzi wa faini kwa kumtapisha mbele ya wakwe. Nililia jikoni peke yangu, nikatafuta mbuzi mnene kuliko mimi.

Siku ya harusi, zamu ya upande wao kutoa zawadi, Bibi Dorika aliinuka na blanketi jipya la kahawia. Ukumbi mzima ukageuka kunitazama, maana hakuna asiyeijua ile habari. Akalisogeza puani akalinusa. Akampa Baba Neema, naye akalinusa, akampa yule shangazi mrefu wa Neema, naye akalinusa mbele na nyuma, na mshenga wetu akalinusa kwa mbali mguu mmoja nje. Watu walikuwa wanaanguka kwa vicheko. Ndipo akaja akanifunika utosini mpaka miguuni.

Mle ndani ni giza kweli. Unasikia vigelegele, unasikia watu wanafurahi, wala hakuna anayekuona. Nikawaza bibi alivyokuwa humu, anavuta ule mvuke wangu huku watu wanamwimbia, na mimi nimesimama nje nawaza kwanza ndoa ya Yohana. Nikaanza kutetemeka. Mkono mdogo mkavu ukaingia kwa chini ya blanketi, ukanishika kidole.

"Unapumua, shangazi?" akaniuliza.

Nikamwambia napumua, bibi.