Akala za Mbodze

Shangazi yangu Mwanarusi si mtu wa kuomba kubebwa. Akiwa na safari hutoka na baibui lake na mwavuli wake, akafika, akarudi, wala hujui alikwenda. Kwa hivyo aliponipigia simu Jumamosi asubuhi kuniambia nimpeleke Kinango, nilijua pana jambo. Zilikuwa zimebaki wiki mbili aende Makka. Wanawe walikuwa wamemchangia, pasi imetoka, sindano amedungwa, na sisi jamaa zake alikuwa ameshatupitia mmoja mmoja kutuomba radhi. Mimi aliniomba radhi kwa kofi la mwaka wa tisini na sita, nikamsamehe nusu.

"Kinango una nani, shangazi?" nilimuuliza alipoingia garini.

"Nina amana ya mtu. Siwezi kwenda kusimama mbele ya Al-Kaaba na amana ya watu imelala uvunguni mwa kitanda changu."

Amana yenyewe ilikuwa imefungwa kwa leso kuukuu. Akaifungua mapajani: akala mbili, ndogo, za mguu wa kike, zilizokatwa kwa tairi la gari na kukauka mpaka zikawa ngumu. Zilikuwa zimekaa kwake miaka arobaini na moja. Mimi sina subira na vikorokoro, nikacheka mpaka nikashindwa kuwasha gari. Yeye hakucheka. Alisema, "Twende," na tulipoiacha Ukunda nyuma akaanza kunieleza.

Zilitoka Ghorofani. Hilo ndilo jina watu walilolipa duka la Abdulwahab, kwa sababu pale Ukunda halikuwapo duka jingine lenye ngazi ndani. Chini kulikuwa na udi, marashi, sufuria na leso zilizotundikwa mpaka darini. Juu kulikuwa na viatu, sare za shule, na kioo cha kukuonyesha mtu mzima, kuanzia mtandio hadi kisigino. Wanawake wa Mwabungo walikuwa wakipanda kujitazama tu, wakageuka huku na huku, wakashuka bila kununua hata pini. Hakuna aliyewafukuza. Lile duka nalipenda mpaka leo, na nikipita pale nikaona wanauza makava ya simu huwa naona hasira bure.

Sakafu yake ilikuwa ya terazo, na Abdulwahab alikuwa akiisugua mwenyewe kila alfajiri. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Siku ya kufungua, bibi mmoja alifika mlangoni, akaona sakafu inang'aa, akavua champali zake. Aliyekuja nyuma akaona mwenzake kavua, naye akavua. Ilipofika adhuhuri palikuwa na rundo la viatu mlangoni kama msikitini siku ya Ijumaa. Abdulwahab akatoka kuwabembeleza waingie navyo, wakamwona mtu mzima asiye na adabu. Akaandika kibao. Wasiojua kusoma wakavua, na waliojua kusoma wakavua vilevile. Jioni watu wakaenda majumbani na viatu visivyo vyao, na asubuhi ugomvi ukarudi pale pale mlangoni. Wiki haikuisha akasalimu amri: akaweka kabati kubwa lenye kufuli, akamwajiri msichana wa miaka kumi na tisa akae nalo. Ndiye shangazi.

"Viatu vya mtu ni amana," Abdulwahab alimwambia siku ya kwanza. "Mtu akitoka humu pekupeku hatarudi, na atatusema mpaka Vanga."

Shangazi hakuwa akitoa namba wala cheti. Alikutazama miguu, basi. Ukitoka, unakuta vyako vimeshawekwa vikielekea nje. Baadaye alipandishwa juu kuuza viatu, na huko ndiko nilikomjua mimi. Kila kumi la mwisho la Ramadhani mama alitupanga watoto watano kwenye benchi, na shangazi hapimi. Anatutazama, anapanda ngazi ya mbao, anashuka na maboksi matano. Hakukosea hata siku moja, ila mwaka ule aliponipa vikubwa makusudi ili nivae Idi mbili, nikavitupa kisimani. Ndiyo asili ya lile kofi.

Lenye uzito alilisema tulipokwisha kupita Kwale mjini, uso wake kaugeuzia dirishani.

"Alikuwapo mzee Mwinga, akileta mbuzi kutoka Kinango. Siku moja akaja na binti yake, Mbodze. Yule mzee akabaki na mbuzi wake, mtoto akaingia. Nikampokea akala zake, nikazifungia. Kisha nikaenda stoo kusali adhuhuri na ufunguo nimeufunga kwenye ncha ya leso. Adhuhuri ni rakaa nne, Maimuna. Lakini nilipotoka nikamkuta Ramadhani."

Ramadhani alikuwa dereva wa lori la duka. Leo ni mumewe, na mpaka leo akianza kuzungumza chai hupoa.

"Nikachelewa. Niliporudi, mtoto hayupo, akala zimo, na lami huko nje inachoma. Nilimwacha mtoto wa watu aende pekupeku kwa ajili ya utamu wa maneno ya Ramadhani. Nikasema watarudi na mbuzi wengine, nitampa, nitamwomba radhi. Baba yake hakuja tena. Sijamwambia mtu, hata Ramadhani mwenyewe." Akaifunga leso upya. "Na asiponisamehe?"

Niliona haya kwa kile kicheko changu cha asubuhi.

Kumuulizia Mbodze Kinango ni kama kumuulizia Maimuna Ukunda: wako tele. Wa kwanza tuliyeletewa alisikiliza kisa chote, akasema ndiye, akanyoosha mkono apokee. Shangazi akamtazama miguu. "Si wewe, mama," akasema kwa upole. "Wako ni mpana." Yule mama akacheka, akakiri kwamba alidhani kuna na kitu kingine ndani ya leso. Ndipo muuza mbuzi mmoja, Katana, alipotuambia kwamba Mbodze binti Mwinga anashona sare nyuma ya kanisa.

Tulimkuta kwenye cherehani, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mguu juu ya pedali. Shangazi alibisha hodi, akakaribishwa, na kabla ya kumtazama uso akamtazama ule mguu. Akanishika mkono.

Alieleza yote, amesimama. Sala, ufunguo, Ramadhani, lami. Kisha akamwekea zile akala juu ya kitambaa cha bluu, akasema, "Nimekuja kuomba radhi, dada. Nilikuacha utembee pekupeku."

"Pekupeku?" Mbodze akasema. "Mimi?" Akaanza kucheka, akashika ubavu. "Mimi nilinunua viatu vipya huko juu, vyeusi, vya mkanda na bizimu. Nilipoliona kabati limefungwa nikamshukuru Mungu. Nilikuwa sijui nitaziacha vipi hizi bila kuonekana. Dada, nilizitupa."

Shangazi alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Miaka arobaini na moja akitunza kilichotupwa. Nilidhani atakasirika, maana hasira zake nazijua. Badala yake bega likaanza kumtikisika, kisha lingine, na wote watatu tukacheka mpaka mtu akachungulia kutoka kanisani.

Kisha Mbodze akaipindua akala moja, akaona chini mahali misumari ilipokunjwa kwa nyundo. Akaacha kucheka.

"Hizi alinikatia baba," akasema. "Aliponiuliza ziko wapi nilimwambia zimeibwa. Akaapa hatakanyaga tena kwa wezi wale. Mwaka uliofuata alifariki, anaamini hivyo. Nyumba yake iliungua baadaye, sina hata kijiko chake." Alikuwa akiipapasa misumari mmoja mmoja kwa kidole gumba. "Wewe umetoka Ukunda kuniomba radhi. Na mimi niliyewaita wezi na kumdanganya baba, radhi nitaiomba wapi?"

Shangazi aliinama, akazifuta akala kwa ncha ya leso yake, akaziweka sakafuni zikielekea nje.

"Ya duka nimekupa mimi," akasema. "Ya baba yako, zivae."

Mbodze akazivaa. Zilimbana kidogo, kidole kidogo kikachungulia pembeni, lakini zilikuwa zake. Alitusindikiza hadi garini kupitia sokoni, akitembea taratibu, na kila aliyemuuliza amevaa nini alimjibu kwamba ni viatu alivyotengenezewa na baba yake.